Likizo ya Familia Ufukweni katika Rizoti Tulivu ya Taimshea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Rizoti ya taimshea ina tofauti gani na hoteli?

Hoteli huuza usiku, taimshea huuza wiki. Fleti moja ina wenyewe wengi, kila mmoja na zamu yake katika mwaka, na jengo zima huendeshwa kwa ada wanayochanga. Kwa familia, tofauti hiyo huonekana katika mambo madogo ya kila siku. Mnapata jiko kamili, meza ya kulia, vyumba vyenye milango na mara nyingi mashine ya kufulia, lakini hakuna mtu wa kutandika vitanda kila asubuhi. Taulo hubadilishwa mara moja katikati ya wiki, au mnazipeleka wenyewe mapokezi. Takataka mnatoa wenyewe. Anayefika akitarajia kuhudumiwa kama hotelini hununa siku mbili za mwanzo. Anayefika kama mtu aliyepanga nyumba kwa siku saba hustarehe tangu jioni ya kwanza.

Ni lazima tuwe wamiliki?

Hapana. Kuna njia tatu: kutumia wiki yako mwenyewe, kubadilishana wiki yako na ya mwingine kupitia kampuni kama RCI au Interval International, au kukodi kwa mmiliki ambaye mwaka huu hasafiri.

Njia ya tatu ndiyo yenye mitego. Mmiliki akikukodisha, nafasi iko kwa jina lake, na mapokezi hawatakupa ufunguo mpaka jina lako liwe limeandikishwa kama mgeni wake. Kabla ya kulipa, mwombe namba ya uthibitisho, kisha piga simu rizoti kwa namba uliyoitafuta mwenyewe (si ile aliyokupa yeye) na uulize mambo matatu: nafasi hiyo ipo, jina langu limeingizwa, na ada ya mwaka ya mmiliki imelipwa. Swali hilo la mwisho wengi hulisahau. Rizoti nyingi humzuia mmiliki mwenye deni, na anayekwama getini na mabegi ni mgeni. Kama hawakubali kujibu habari za ada ya mtu mwingine, waulize tu kama kuna kizuizi chochote kwenye nafasi hiyo.

Wiki huhesabiwaje, na tuchague ipi?

Mwaka hugawanywa katika wiki zenye namba 1 hadi 52, na miaka fulani ikabaki wiki ya 53. Wiki ya namba ileile haianzi tarehe ileile kila mwaka. Kuna rizoti zinazoanza wiki Ijumaa, nyingine Jumamosi, nyingine Jumapili, na jengo moja linaweza kuwa na kalenda zote tatu. Usikate tiketi ya ndege kwa kuangalia namba ya wiki. Angalia tarehe ya kuingia iliyoandikwa kwenye uthibitisho.

Kampuni za kubadilishana huzipa wiki rangi kulingana na wingi wa wanaozitaka. Kwa RCI nyekundu ndiyo inayogombewa, nyeupe ni ya wastani, bluu ni ya msimu mtulivu. Interval hutumia nyekundu, njano na kijani. Familia inayotaka utulivu isizikimbilie nyekundu bila kufikiri: wiki ya njano au nyeupe iliyo karibu kabisa na msimu wa juu mara nyingi ina bahari ileile na nusu ya kelele. Kama watoto wanasoma na hamwezi kutoka nje ya likizo za shule, tafuteni mapema, miezi 9 hadi 12 kabla. Fleti za vyumba viwili huwa chache, nazo ndizo huisha kwanza.

"Inalala watu 6" maana yake nini hasa?

Maana yake watu sita watapata pa kulaza ubavu. Haimaanishi watu sita watalala vizuri. Kwenye maelezo ya kubadilishana huonekana namba mbili, kwa mfano 6/4: sita ndiyo idadi ya juu kabisa, nne ni wale watakaolala faraghani bila kupitana njiani kwenda msalani. Wawili waliobaki wako sebuleni, kwenye sofa ya kukunjua.

Sofa yenyewe inastahili neno. Godoro lake ni jembamba, na katikati, pale mgongo unapopinda, pana chuma cha fremu. Mtoto wa kilo 25 hakisikii kile chuma. Mtu mzima atakisikia usiku kucha. Vueni mito bapa ya sofa mkaitandike juu ya godoro kwa upana, au mbebe godoro la sponji la kukunja lenye unene wa sentimita 3 hadi 5.

Mtoto mchanga huhesabiwa kuwa mtu katika rizoti nyingi, kwa sababu idadi hiyo hufuata kanuni za moto na uokoaji. Kama mko saba na fleti ni ya sita, msitegemee huruma ya mapokezi.

"Mbele ya bahari" na "mwonekano wa bahari" si kitu kimoja?

Hata kidogo. Mbele ya bahari: jengo limekabili maji, hakuna kilicho kati. Mwonekano wa bahari: bahari inaonekana kutoka mahali fulani ndani ya fleti, pengine juu ya maegesho ya magari. Mwonekano wa sehemu: ukisimama pembeni mwa roshani na kugeuza shingo, utaona buluu kidogo. Na "hatua chache kutoka ufukweni" huweza kuwa na barabara katikati. Kwa familia yenye watoto wadogo, hiyo barabara ni muhimu kuliko mwonekano. Fungueni ramani ya setilaiti mhesabu wenyewe mita kutoka jengo hadi mchangani, na mwangalie kama njia ina ngazi za kubeba kigari cha mtoto.

Tukiomba chumba kitulivu, tuombe nini?

Mapokezi wakiambiwa tu "chumba kitulivu" hawana cha kufanya nalo. Taja vyanzo vya kelele: mbali na lifti na chumba cha barafu, mbali na pampu ya bwawa, si juu ya eneo la kushushia mizigo, ambako gari la taka hufika alfajiri. Ghorofa ya juu kabisa huondoa kero ambayo wengi hawaijui mpaka waisikie, nayo ni viti vikiburutwa kwenye vigae vya fleti ya juu. Mwenye watoto wanaokimbia ndani aombe ghorofa ya chini, ili naye asiwe kero ya mtu.

Andika ombi kwa barua pepe wiki mbili kabla, kisha piga simu siku tatu kabla, kwani hapo ndipo vyumba hugawanywa. Wamiliki hupewa kipaumbele na waliobadilishana hufuata nyuma. Ndivyo ilivyo, na kugombana kwenye kaunta hakubadilishi mpangilio. Muda wa ukimya katika rizoti nyingi huanza saa nne usiku, na bwawa hufungwa kabla ya hapo.

Gharama gani hazionekani mwanzoni?

Ulizeni hizi kwa maandishi: ada ya rizoti ya kila siku, kodi ya utalii kwa kila kichwa, maegesho, intaneti, umeme unaopimwa kwa mita, amana ya uharibifu inayozuiwa kwenye kadi, na usafi wa ziada. Kali kuliko zote ni rizoti zinazowalazimisha waliobadilishana kununua mpango wa vyakula na vinywaji kwa kila mtu. Ada hiyo inaweza kuzidi gharama ya wiki yenyewe, na huandikwa kwa herufi ndogo chini ya maelezo. Soma mpaka mwisho kabla ya kubonyeza kuthibitisha, maana kufuta baadaye hukatwa.

Tubebe nini ambacho fleti haitakuwa nacho?

Jiko litakuwa na sufuria, sahani na vikombe kulingana na idadi ya wanaolala, basi. Mkichelewa kuosha, hamna vya mlo unaofuata. Kisu kitakuwa butu. Visu vyote vya taimshea ni butu. Bebeni kisu kimoja kikali kwenye ala yake ndani ya begi la kupakiwa, si la mkononi. Sabuni ya vyombo na ya kufulia huwekwa ya kuanzia tu, ya kuosha mara moja au mbili. Ongezeni sponji mpya, mifuko ya taka, vibanio vya nguo, kamba nyembamba ya kuanikia, taa ndogo ya usiku kwa ajili ya watoto, adapta ya plagi na viatu vya majini vyenye soli.

Taulo za bafuni haziruhusiwi ufukweni karibu kila mahali. Uliza kama kuna za ufukweni. Zikiwapo, kwa kawaida huazimwa kwa kadi, na kadi ikipotea hulipwa.

Saa ya kwanza baada ya kupewa ufunguo tufanye nini?

Kuingia kwa kawaida ni saa kumi jioni. Mkifika mapema, achieni mizigo mapokezi, lakini mavazi ya kuogelea na losheni ya jua yawe kwenye begi dogo la juu ili watoto waingie bwawani huku mkisubiri. Familia iliyofungia nguo za kuogelea chini ya sanduku kubwa huipoteza alasiri yote ya kwanza.

Mkishaingia, mtu mzima mmoja abaki na watoto nje, mwingine akague. Masanduku yawekwe bafuni kwenye vigae kwanza, si kitandani. Vuta shuka kwenye pembe za kichwani, mulika mishono ya godoro kwa tochi ya simu: vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino au maganda ya rangi ya kahawia ni dalili ya kunguni, na hapo mnaomba fleti nyingine isiyopakana na hiyo. Fungua mabomba yote, moto na baridi, yatiririke dakika mbili, hasa bafu la mvua, kwani maji yaliyolala kwenye mabomba wakati fleti iko tupu huweza kuzalisha bakteria. Jaribu joto la maji kwa mkono kabla mtoto hajaoga. Maji ya nyuzi 60 huunguza ndani ya sekunde chache.

Kisha roshani. Nafasi kati ya nguzo za kizuizi isizidi sentimita 10. Ikizidi, mtoto mdogo anaweza kupenya. Viti na meza vihamishiwe ndani au upande wa ukuta, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hapandi kizuizi, hupanda kiti kilichokaribiana nacho. Angalia komeo la mlango wa kuteleza: chumvi huyala makomeo, na kuna yanayoonekana yamefunga huku ulimi haujaingia kwenye tundu. Sukuma mlango kwa nguvu ukiwa umefungwa. Ukicheza, itisha fundi leo, si kesho.

Kitanda cha mtoto mchanga kiwe na godoro gumu linalojaa fremu. Vidole viwili vikiingia pembeni kwa nafasi, godoro ni dogo mno. Mwisho, piga picha kila kasoro unayoikuta na uitume mapokezi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo kinga ya amana yenu.

Ni saa ngapi nzuri ya kuingia baharini?

Jibu liko kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la eneo lenyewe. Fukwe nyingi duniani hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku majira husogea mbele kama dakika 50. Maji yakijaa saa nne asubuhi siku ya kwanza, siku ya saba yatajaa karibu saa tisa alasiri. Ratiba ya familia iliyopangwa kwa saa za ukutani huvunjika kufikia katikati ya wiki, na watu hushangaa bahari imeenda wapi.

Mwezi nao uangalieni. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku saba hivi baadaye huwa maji mafu, tofauti ni ndogo. Likizo ya wiki moja basi inaweza kuanza na bamvua na kuishia na maji mafu, ufukwe uleule ukiwa na sura mbili.

Na maji hayaji kwa mwendo mmoja. Ukigawa mapito ya saa sita, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu ya maji yote huja katika saa mbili za kati. Hapo ndipo familia iliyotembea hadi fungu la mchanga hugeuka na kukuta mfereji nyuma yao umefika kiunoni mwa mtu mzima. Mkienda kutembea kwenye fungu la mchanga, tokeni maji yakiwa bado yanapwa na mgeuke kabla hayajaanza kurudi.

Kwa watoto wadogo, saa moja kabla na baada ya maji kupwa kabisa huacha vidimbwi vya kuchezea, lakini miamba na miiba pia huwa wazi. Hapo ndipo viatu vya majini.

Bendera zinasema nini?

Nyekundu na njano pamoja: eneo hili lina waokoaji, ogeleeni kati ya bendera mbili. Njano: tahadhari, bahari imechafuka kiasi. Nyekundu: hatari kubwa. Nyekundu mbili: maji yamefungwa. Zambarau: kuna viumbe wa kudhuru, kama yavuyavu (viumbe laini wa baharini wenye nyuzi zinazochoma). Nyeusi na nyeupe za miraba: eneo la mbao za mawimbi, si la kuogelea. Fukwe tulivu za rizoti mara nyingi hazina bendera yoyote wala mwokoaji. Kukosekana kwa bendera hakumaanishi usalama. Kunamaanisha hakuna aliyepima.

Mkondo wa kuvuta nje tunautambuaje?

Kinyume na macho yanavyodhani. Tazameni mstari wa mawimbi kwa dakika kumi kabla ya kuingia, ikiwezekana kutoka mahali pa juu kidogo kama roshani. Palipo na mawimbi meupe yanayovunjika kushoto na kulia, kisha katikati pakawa na upenyo wa maji meusi, laini, yasiyovunjika, na povu au mchanga ukielea kuelekea nje, hapo ndipo mkondo unapotokea. Panaonekana ndipo pazuri pa kuingiza watoto. Kumbe ndipo maji yaliyoletwa na mawimbi yanaporudi baharini, wakati mwingine kwa kasi ya hadi mita 2.5 kwa sekunde, ambayo hakuna muogeleaji anayeishinda. Karibu na gati na kuta za mawe mikondo hiyo hukaa palepale siku zote.

Ukinaswa, usipigane nao. Mkondo haukuzamishi, unakupeleka; kinachozamisha ni uchovu. Elea, pumua, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka uvutano uishe, ndipo urudi kwa mshazari. Aliye nchi kavu arushe kitu kinachoelea na kuita msaada. Wazazi wengi wamepoteza maisha kwa kujitosa mikono mitupu kumfuata mtoto.

Maboya ya kupuliza yanafaa?

Bwawani, sawa, mtu mzima akiwa ndani ya maji. Baharini, upepo ukivuma kutoka nchi kavu, hapana. Upepo huo hulaza maji karibu na ufukwe yakaonekana kama kioo, na ndio huohuo unaosukuma boya nje haraka kuliko baba anavyoogelea. Boya likienda, liacheni liende. Kinachohesabika kama kinga ni jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto kwa kilo zake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Rangi ya nguo ya kuogelea ni jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bluu, nyeupe na kijivu hupotea chini ya maji. Machungwa ya kung'aa, njano kali na pinki kali huonekana.

Nani amwangalie nani?

Watu wazima sita wakikaa kando ya bwawa, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Wekeni zamu za dakika 15 kwa majina. Mwenye zamu hashiki simu, hasomi, hapiki, hanywi pombe, na zamu haiishi mpaka anayepokea aseme "nimepokea". Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono mmoja. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Huwa wima, kichwa nyuma, mdomo kwenye usawa wa maji, kimya, na yote huisha chini ya dakika moja. Mabwawa ya rizoti za aina hii kwa kawaida hayana mwokoaji, na kibao ukutani husema hivyo.

Losheni ya jua kiasi gani?

Mtu mzima huhitaji takriban mililita 30 kwa mwili mzima, yaani karibu vijiko sita vya chai. Karibu kila mtu hupaka nusu yake. SPF ni namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa: SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo wingi wa losheni na kurudia ni muhimu kuliko namba kubwa kwenye chupa. Pakeni dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, rudieni kila saa mbili na kila mtoto anapojikausha kwa taulo. Sahau kubwa ni masikio, nyuma ya magoti, juu ya nyayo na mstari wa nywele. Watoto chini ya miezi sita wakae kivulini na nguo nyepesi za mikono mirefu badala ya kutegemea losheni. Mwavuli pekee hautoshi, kwani mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale na povu la bahari asilimia 25.

Makali ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Fleti yenye jiko na vitanda iko hatua chache tu. Tumieni adhuhuri kula na kulala, na mrudi baadaye. Angalieni pia sheria za mnakokwenda: Hawaii, kwa mfano, tangu 2021 haziuzwi losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe.

Mtoto akichomwa na yavuyavu au taa?

Yavuyavu: mtoe majini, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano au kwa mkono wenye glavu, kisha loweka sehemu hiyo katika maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45. Msisugue kwa mchanga, msitumie maji baridi ya bomba mwanzoni, na habari ya mkojo achaneni nayo. Siki husaidia kwa aina fulani, hasa yavuyavu wa umbo la sanduku, na hudhuru kwa nyingine, hivyo ulizeni siku ya kwanza ni aina gani zipo hapo. Akishindwa kupumua, akitapika au kuvimba uso, ni dharura.

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji ya kina cha magoti. Tembeeni kwa kuburura miguu badala ya kuikanyaga; atasikia mtikisiko na kuondoka. Akichoma, loweka mguu katika maji ya moto yenye nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90, kisha nendeni kwa daktari, maana kipande cha mwiba hubaki ndani. Maji yapimwe na mtu ambaye hakuchomwa, kwani mwenye maumivu hahisi joto vizuri.

Kuchimba mashimo mchangani kuna ubaya gani?

Kina kisizidi goti la mtoto mdogo kuliko wote waliopo. Mchanga mkavu huporomoka bila ishara na ni mzito mno kumfukua mtu kwa mikono. Msichimbe mahandaki ya kuunganisha mashimo mawili. Jioni fukieni: kasa jike akija kutaga usiku huanguka humo. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye fukwe za kasa rizoti huomba mapazia yafungwe na taa za roshani zizimwe, kwani vifaranga hufuata mwanga wakidhani ni bahari.

Mchanga na unyevu ndani ya fleti tutaudhibitije?

Beseni moja la maji mlangoni, kila mtu achovye miguu. Mchanga uliokauka kwenye ngozi hutoka kwa poda ya mtoto: nyunyiza, pangusa, umetoka. Nguo za mchangani zikung'utwe nje zikiwa zimekauka. Mkizisuuza kwenye sinki, mtaziba bomba na mtalipa fundi.

Kiyoyozi hakipendi mlango wa roshani ulio wazi. Vingine vina kihisi na hujizima, na watu hudhani kimeharibika. Funga mlango, subiri dakika chache. Visivyo na kihisi huendelea kuvuta hewa yenye unyevu mpaka koili inaganda barafu, kisha maji yanadondoka sakafuni. Kizime kwa muda wa saa mbili au tatu barafu iyeyuke. Nyuzi 24 au 25 zinatosha. Na birika, kibaniko na mikrowevu visiwashwe kwa pamoja. Swichi kuu itakatika wakati wa chai ya asubuhi.

Tumealikwa kwenye "mkutano mfupi wenye zawadi". Twende?

Ni mkutano wa mauzo. Mwaliko hutolewa kwenye dawati la pili, lile mnaloelekezwa kwenda kuchukua kibali cha maegesho au ramani. Huambiwa dakika 90. Wekeni akilini saa tatu, ambazo ni asubuhi nzima ya maji kujaa. Kukataa hakuathiri chumba chenu. Semeni "hapana, asante" mara moja, bila sababu, kwa sababu kila sababu ina jibu lililoandaliwa.

Mkienda, mpangilio ni huu: muuzaji wa kwanza mpole, bei ya juu, kisha "meneja" mwenye bei ya chini, kisha wa tatu mwenye kifurushi kidogo cha majaribio, kila mmoja akisema ofa ni ya leo tu. Waulizeni ada ya mwaka ni kiasi gani, imepanda vipi katika miaka mitano, na kama kuna michango ya dharura ya ukarabati. Ada hulipwa kila mwaka, muende msiende. Kama mtu anataka kununua kweli, atazame kwanza wanaouza wiki zao za rizoti hiyohiyo: wengi huziachia karibu bure, na hilo linatosha kujua kama ni kitega uchumi.

Tumeshasaini, tumejuta.

Hesabuni siku leo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Maagizo ya 2008/122/EC yanatoa siku 14 za kujiondoa bila sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo. Florida ni siku 10. Kwingineko soma ukurasa wa haki ya kufuta kwenye mkataba wenyewe. Barua iende kwa anwani iliyotajwa humo, kwa njia yenye risiti ya kufuatilia, ikitaja namba ya mkataba na sentensi moja tu: tunafuta. Simu haitoshi. Kumweleza muuzaji kunapoteza siku.

Muda ukishapita, jihadharini na wanaopiga simu wakidai wana mnunuzi tayari ila mtangulize ada. Anayetaka kulipwa kwanza ndiye asiyekuwa na mnunuzi.

Ndugu wanaweza kuja kutwa nzima?

Rizoti nyingi huruhusu wachache kwa kuwaandikisha, lakini si bwawani. Ulizeni kabla hawajaanza safari.

Kuondoka kunahitaji nini?

Saa nne asubuhi ndiyo kawaida, kwa sababu wenye zamu inayofuata wanaingia jioni ileile. Vyakula vya friji na ufuaji wa nguo vimalizwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Vyombo viwe vimeoshwa, taka nje, shuka zilizotumika zikusanywe pamoja, sofa ikunjwe. Kabla ya kuikunja, pitisha mkono kwenye ufa wa nyuma. Chaja za simu na midoli hulala humo. Tazameni pia nyuma ya mlango wa bafuni na kwenye kamba ya roshani. Piga picha ya kila chumba, rudisheni kadi za taulo, na mwombe risiti inayoonyesha amana imeachiwa. Kwenye kadi huchukua siku kadhaa kuonekana.